Utafiti wa Saratani Ulioanzia Kitandani

Aghalabu wanafunzi wetu hudhani kwamba tiba huzaliwa maabarani, kisha huteremka hadi wodini kama maji ya mfereji. Historia ya saratani ya taya, ambayo huwapata watoto wa Afrika Mashariki, yakanusha dhana hiyo.

Mwaka 1957, katika hospitali ya Mulago, Kampala, daktari wa upasuaji Denis Burkitt alionyeshwa mtoto aliyevimba taya pande zote mbili. Punde si punde akamwona mwingine wa aina hiyo huko Jinja. Akaanza kuuliza na kuchora ramani. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili walisafiri kwa gari kuukuu takribani maili 10,000 hadi Afrika Kusini, wakipita hospitali moja baada ya nyingine. Ikabainika kwamba uvimbe huo hupatikana zaidi katika nyanda za joto na mvua, penye malaria tele.

Mwaka huo huo Burkitt alihutubia London, na mtafiti wa virusi Anthony Epstein akamsikiliza. Wakaafikiana vipande vya uvimbe visafirishwe kwa ndege kutoka Kampala. Kwa miaka miwili hakikuonekana kitu. Mwishoni mwa 1963, ukungu uliilazimisha ndege kutua Manchester. Chupa ikachelewa kufika, na maji yake yalikuwa yamechafuka kana kwamba yameoza. Mwingine angaliitupa. Epstein aliyatazama kwa hadubini, akakuta ule uchafu ni seli hai za saratani zikielea. Kutokana na seli kama hizo, yeye, Yvonne Barr na Bert Achong walitangaza mwaka 1964 kirusi cha kwanza kuhusishwa na saratani ya binadamu.

Tiba, hata hivyo, haikukingoja kirusi. Miaka hiyo hiyo madaktari wa Kampala na Nairobi walikuwa tayari wakiwapa watoto dawa na kuona uvimbe ukinywea kwa siku chache, na mwaka 1967 kituo maalumu kikafunguliwa Mulago. Leo mtoto anayefika mapema na kumaliza dawa ana matumaini makubwa ya kupona.

Amalize kwa nauli ya nani? Mzazi wa kijijini huacha shamba likimea magugu. Uvimbe ukipungua baada ya dawa ya kwanza, humrudisha mtoto nyumbani akidhani amepona. Elimu iliyovuka bahari kwa ndege hukwama kwenye stendi ya basi.

Nanyi walimu wa madarasa ya chini, mtoto akivimba taya na meno yake yakilegea, msiseme ni jino bovu tu. Seli za uvimbe huu huweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili.