Simu Haitusikii: Namna ya Kusoma kwa Mtandao na Kupata Faida



Ndugu wanafunzi, siku hizi wengi wetu tunasoma kwa simu. Tunatazama masomo ya hesabu na baiolojia, tunasikiliza visomo vya Qur'ani na darsa za masheikh. Hayo ni mema, kwani kutafuta elimu ni wajibu wetu. Lakini kusikia peke yake si kujifunza. Je, tufanye nini ili elimu hiyo itukae?

Mfano upo hapa hapa Moshi. Chuo cha Ushirika kilifunguliwa mwaka 1963, na mwaka 1964 kikaanzishwa Kituo cha Elimu ya Ushirika. Wanaushirika, wakiwemo wakulima wa kahawa wa huku mlimani, hawakuweza wote kuacha mashamba waje kukaa darasani. Basi wakafundishwa kwa njia ya posta na redio, nao wakasoma kwa vikundi.

Mwaka 1973 njia kama hiyo ilitumika nchi nzima katika kampeni ya "Mtu ni Afya". Kwa wiki 12, watu wapatao milioni 2 walikutana katika vikundi kusikiliza redio. Kila kikundi kilikuwa na kiongozi aliyepewa mafunzo na kitabu cha kusoma. Baada ya kusikiliza walijadiliana, kisha wakaenda kutenda, kama vile kuchimba vyoo.

Redio haikuweza kuwasikia wasikilizaji wake. Kikundi ndicho kilichowasikia. Simu nayo ni hivyo hivyo. Tuchukue mfano wa tajwidi. "Qalb" kwa qaf ni moyo, na "kalb" kwa kaf ni mbwa. Ulimi wetu wa Kiswahili hupenda kuzifanya herufi hizo kuwa moja. Mwanafunzi anaweza kumsikiliza msomaji hodari mara 100, naye akamfuatisha kwa makosa mara 100, na video isimwambie kitu. Akishazoea kosa ataliona ndilo sahihi, na ataingia nalo kwenye Swala. Ustadhi angelisikia siku ya kwanza.

Kwa hiyo tunashauri yafuatayo:

1. Tusome kwa vikundi vya watu 4 au 5. Simu moja na bando moja vyatosha.

2. Kabla ya kufuata somo, tujue anayefundisha ni nani na amesoma wapi.

3. Kila baada ya dakika 10 tusimamishe somo, na mmoja wetu aeleze kwa maneno yake au afanye hesabu kwenye daftari bila kuangalia.

4. Tusichokielewa tukiandike, tukipeleke kwa mwalimu. Ama Qur'ani, tuisome mbele ya ustadhi hata kama tumeisikiliza sana.

Anayeishi mbali, Machame au Marangu, asome na nduguze nyumbani, kisha siku ya madrasa aje na daftari la maswali. Simu ituletee somo, lakini kosa letu tumpelekee mtu alisahihishe.

Wabillahi tawfiq.