Kipande cha bati nilichorudishiwa Jericho

Kijana wa kuosha magari ndiye aliyeniita. Alikuwa amelala ubavu kando ya gurudumu la nyuma, mpira wa maji mkononi, na maji yalikuwa yakiingia mahali yasipopaswa kuingia. "Mkubwa, kuja uone." Nikainama. Chini ya mlango wa nyuma, juu ya rangi, palikuwa na kivimbe kisichozidi punje ya harage. Kivimbe hicho nilikijua tangu mvua za Machi, na kila nilipokiona nilijiambia kitangoja. Nilikibonyeza kwa kidole gumba. Rangi ikapasuka kama ganda la yai, puti ikamomonyoka, kisha kidole kizima kikazama ndani ya gari.

Nilipokitoa kilikuwa chekundu kwa vumbi la kutu, na kipande cha gazeti kimenasa kwenye ukucha. Kabla gari hili halijafika mikononi mwangu, mtu alikuta shimo hapo, akalishindilia magazeti, akapaka puti juu, akapiga rangi. Nami nikalinunua likimeremeta.

Fundi wa kwanza niliyemwonyesha, katika mtaa mwingine, alitazama kwa muda mfupi akasema nimwachie gari asubuhi nilichukue jioni. Bei yake ilikuwa tamu. Ningekubali, lakini lile gazeti bado lilikuwa katika mfuko wa shati langu. Kazi ya siku moja ndiyo iliyokuwa imeniletea shimo.

Nikaenda Jericho. Mtaa huu uko kati ya Jogoo Road na Rabai Road, jirani na Jerusalem, Maringo na Makadara, na ni miongoni mwa mitaa ambayo Baraza la Jiji la Nairobi liliwajengea wafanyakazi wa Kiafrika miaka ya kuelekea uhuru. Vyumba ni vidogo. Nadhani ndiyo maana kazi za mikono zilitoka nje mapema: viti, madirisha ya chuma, majiko, magari. Ripoti ya Shirika la Kazi Duniani kuhusu Kenya, ya mwaka 1972, ndiyo iliyolisambaza neno "sekta isiyo rasmi" ulimwenguni, ila mafundi wenyewe walijipa jina linaloeleza mambo vizuri zaidi: jua kali. Kwa fundi wa bodi jina hilo lina uzito wake. Jua humkaushia praima bila gharama, na wingu likitokea ghafla hukimbia na turubai kama mama aliyeanika mahindi.

Mzee aliyenipokea alianza kupiga bati kabla sijaanza shule. Hakuuliza nimekuja na pesa ngapi. Alichukua bisibisi, akaigeuza, akaanza kugonga kwa mpini kutoka gurudumu la mbele kwenda la nyuma. Ti, ti, ti. Halafu du. Akarudi nyuma kidogo, akagonga tena, du, akaweka alama ya chaki. Kisha akatoa mfukoni sumaku ndogo ya spika ya redio iliyokufa, akaipitisha palepale. Kwenye ti ilinata. Kwenye du ilianguka chini, kwa sababu sumaku haishiki puti. Alipomaliza, mstari wa chaki ulikuwa mrefu kuliko mkono wangu.

"Mzee, rangi itafanana na ile ya zamani?" nikauliza.

"Rangi itafanana," akasema. "Lakini kijana, hujaniuliza ndani nitafanya nini."

Sikuwa nimemuuliza kwa sababu sikujua kuna ndani. Ile sehemu ya chini ya mlango, tunayoiruka tukipanda gari, ndiyo kizingiti, nami nilikuwa nikiidhania kipande kimoja cha chuma. Kumbe ni mabati yaliyokunjwa na kuunganishwa kwa nukta za moto, yakaacha uwazi katikati kama bomba. Bati la nje ni jembamba, kwenye magari mengi ni kama milimita 0.7 au 0.8 hivi. Nguvu yake hutoka kwenye ule mkunjo. Kwa chini kuna matundu madogo ambayo kiwanda kiliyaacha ili maji yatoke, na barabara zetu huyaziba kwa tope. Maji yakikosa njia hulala humo. Mchana chuma hupata moto, usiku kinapoa, unyevu unageuka matone kwenye kuta za ndani, na kesho yake tena. Kutu haihitaji zaidi ya chuma, maji na hewa. Pakiwa na chumvi, maji hupitisha umeme kwa urahisi na ulaji unaenda mbio.

Kutu ina ukatili mwingine: hujaza nafasi kubwa mara kadhaa kuliko chuma ilichokila, ndipo inapoisukuma rangi kutoka ndani. Kile kivimbe cha harage nilichokiita mwanzo wa tatizo kilikuwa mwisho wake. Chuma kilikuwa kimeshakwisha.

Watu wengi huilaumu Mombasa. Ni kweli kwamba gari lililokaa pwani huliwa na hewa ya bahari, na madereva wa malori ya Magadi watakueleza vumbi la magadi linavyofanya chini ya gari. Ni kweli pia kwamba magari mengi tunayoyanunua yametumika kwanza Japani, na kule kaskazini, Hokkaido kwa mfano, barabara humwagiwa chumvi majira ya theluji. Sheria yetu, kupitia kiwango cha KS 1515, hukataa kuingizwa nchini kwa gari lililozidi miaka minane tangu kusajiliwa mara ya kwanza. Lakini hata miaka minane ya theluji na chumvi si haba. Mzee alinisikiliza nikiyataja hayo yote, kisha akatikisa kichwa. Kwa miaka aliyofanya kazi, alisema, kutu nyingi anazozikata ni kutu iliyoota juu ya kazi ya fundi mwenzake.

Nikatembea katika gereji nikitazama, nikaanza kumwelewa. Magari matatu yalikuwa yamesimama na praima ya rangi ya udongo, yale mafuta mekundu tunayoyaona kila mahali, yakingoja wenyewe wapate pesa ya kumalizia. Moja lilikuwa na majani yaliyoota chini ya bampa. Praima hiyo ina vinyweleo, haizuii maji. Gari likiachwa hivyo msimu mzima wa mvua za vuli, unyevu hupenya hadi kwenye bati lililotoka kupigwa msasa, na pesa ikija, fundi hupiga rangi nzuri juu ya kutu changa ambayo macho hayaioni. Puti nayo hufyonza maji. Ikiwekwa juu ya kutu inakuwa kitambaa chenye maji kilichofungwa juu ya kidonda. Sisi wenye magari tunalipa kwa vipande, kidogo leo, kidogo mwisho wa mwezi, kisha tunamlaumu fundi kwa mapengo ya siku tulizozichelewesha wenyewe. Tangu siku hiyo nimewaambia rafiki zangu kwamba asiye na pesa ya kazi yote aliache gari na rangi yake mbovu hadi pesa itimie. Rangi mbovu ni bora kuliko praima iliyonyeshewa.

Kazi yenyewe ilichukua siku sita, nami nilipata ruhusa ya kukaa juu ya mtungi uliopinduliwa kwa siku mbili kati ya hizo.

Kwanza walichomoa waya za betri, wakaondoa kiti, zulia na mkanda wa usalama. Chini ya zulia palikuwa na maji. Ndoo ya mchanga iliwekwa karibu, maana tangi la petroli haliko mbali na cheche hazina adabu. Kisha grainda ikaanza kukata. Mzee hakukata kwenye alama ya chaki, alikata nje yake kwa upana wa vidole viwili, akiendelea hadi mahali ambapo bati lililia ti na kung'aa jeupe pande zote mbili. "Ukikata ukaacha hata kidogo, imezaliwa tena," akasema. Kilichotoka ni kipande kirefu chenye matundu kama kitambaa cha chandarua, na magazeti yaliyolowa yakadondoka nyuma yake.

Kwa kiraka hakutumia bati lolote lililokuwa karibu. Alikata katoni kwanza, akailinganisha na pengo, akaipunguza kwa mkasi, akailinganisha tena, ndipo akaichora kwenye bati la unene uleule. Bati nene kuliko lile la gari, alinieleza, huvuta joto vibaya na huacha ukingo unaokusanya maji. Mkunjo aliutoa kwa nyundo juu ya kipande cha reli, akigonga polepole, akiuhisi kwa kiganja kila baada ya mapigo machache. Sijui nitawaelezaje wasomaji ustadi ule wa kiganja. Alifumba macho akapitisha mkono, akagonga mara moja, akapitisha tena, akaridhika. Mashine ya kompyuta ya kupima isingeniaminisha zaidi.

Katika kuchomelea, kijana wake alikuwa na mashine ya waya na gesi. Ile ya vijiti inayotengeneza milango ya chuma ya nyumba hutoboa bati jembamba kama moto wa sigara kwenye karatasi. Hakuchora mstari mmoja wa moto. Aliweka nukta mwanzo, nukta mwisho, nukta katikati, akingoja zipoe, ili joto lisipinde bati. Baadaye nukta zikajazana hadi zikawa mshono.

Kwenye pembe zilizobaki na vidoa vya kutu pasipofikika kwa grainda, alipaka dawa yenye asidi ya fosfori. Hii hugeuza kutu kuwa kitu cheusi kigumu kisichoendelea kula. Nilipoona weusi huo nilikumbuka ile nguzo ya chuma ya Delhi, nchini India, yenye urefu wa mita 7 hivi na umri wa takriban miaka 1,600, ambayo imesimama nje kwenye mvua bila kuliwa. Wanasayansi wamegundua kwamba wahunzi wake waliacha fosfori nyingi ndani ya chuma, nayo ikajijengea ngozi ya kukilinda. Wahunzi wale hawakuwa na maabara. Nilimsimulia mzee. Aliuliza kama nguzo hiyo imechomelewa au imefuliwa. Nikamwambia imefuliwa, vipande kwa vipande, kwa moto na nyundo. Akanyamaza kidogo, akasema angependa kuiona.

Puti ilikuja mwishoni, nyembamba kama siagi kwenye mkate wa shule, juu ya praima ngumu isiyopitisha maji. Msasa namba 80, 180, 320, kisha wa maji. Rangi ilichanganywa dukani kwa kufuata namba iliyo kwenye kibati cha gari.

Kuna jambo lililoniumiza moyo hapo. Kijana aliyepiga msasa alikuwa amefunga leso puani, na aliyepiga rangi hata leso hakuwa nayo. Rangi za kuchanganya na hadna zina kemikali zinazoweza kumwachia mtu pumu ya maisha, na leso haizizuii. Barakoa yenye vichujio huuzwa hapahapa Nairobi. Tunapopatana bei na mafundi hawa tunakata mia mia bila kufikiri zinakatwa kutoka wapi. Mara nyingi ni kwenye vichujio hivyo. Kazi yangu ya pili nitaipeleka na barakoa mbili, na sitazihesabu kwenye bei.

Mtu anaweza kuniambia nimefanya makuu kwa ajili ya doa la chini ya mlango. Lakini kizingiti ndicho kinachobeba gari likigongwa ubavuni, karibu nacho ndipo mkanda wa kiti hufungwa, na ndipo jeki husimama tairi likipasuka usiku. Bima kubwa hulipa ajali, kutu haimo. Matatu na malori hupelekwa kukaguliwa kila mwaka. Gari la kibinafsi linaweza kuzunguka mjini miaka kumi bila mtu yeyote kuinama kulitazama chini, na humo ndimo watoto wetu wanaketi wakienda shule.

Siku ya sita jioni nilikuta gari limekauka. Nilitafuta mshono kwa macho, kisha kwa kiganja, nikaukosa. Mzee akaniita upande wa pili. Alikuwa ametumbukiza mrija mwembamba kupitia tundu la chini na kupulizia nta iliyoyeyushwa ndani ya kizingiti kizima, hadi ikaanza kudondoka. Akanipa njiti ya kiberiti. "Sasa piga magoti." Nikapiga magoti kwenye udongo, nikahesabu matundu kwa njiti, moja, mawili, matatu kila upande, na moja lililozibwa na tope kule mbele nikalizibua mwenyewe. Kabla sijaondoka akanirudishia kile kipande alichokikata, akakifunga kwa kamba kwenye kiti cha nyuma. Nilipe, akasema, nikijua nimelipia nini.

Usiku ule mvua ilinyesha Eastlands yote. Asubuhi nilitoka na tochi nikalala kifudifudi kando ya gari. Kwenye yale matundu matatu maji yalikuwa yakitoka, tone baada ya tone, yakiingia ardhini.