Pindo la Picha: Upambaji wa Kingo za Fremu katika Programu za Kupanga Kurasa

Katika Eneo la Viwanda la Thika na mitaa ya Ruiru, chapisho linalofika majumbani kwa uhakika zaidi huenda si riwaya wala diwani, bali kijitabu cha mazishi. Humo mna wasifu wa marehemu, utaratibu wa ibada, nyimbo na picha. Kwa aila nyingi za wafanyakazi, hilo ndilo chapisho la pekee litakalowahi kubeba sura ya mpendwa wao, nalo halina toleo la pili. Kwa hiyo pambo linaloizunguka picha ya jalada si jambo la kupuuzwa, ingawa wahakiki wa fasihi hawajalitupia jicho.

Katika programu kama InDesign au Scribus, picha hukaa ndani ya fremu, yaani kisanduku kinachoamua ni sehemu gani ya picha itakayoonekana. Fremu ikipunguzwa, picha haikatwi, hufichwa tu. Pambo basi ni la ukingo wa fremu. Wapangaji kurasa huliita boda. Hata hivyo, Kiswahili kina istilahi iliyokomaa zaidi, nayo imo katika kanga. Kanga ina mji, jina na pindo. Pindo hilo husanifiwa pamoja na mji wake, wala halitafutwi nguo ikisha kukamilika. Aghalabu kingo za vijitabu huharibika kwa sababu hufanywa kinyume: picha huwekwa kwanza, kisha pambo lililopatikana popote huvutwa mpaka litoshe. Maua ya juu huwa mapana, ya kando huwa membamba, na pembeni ua hukatika nusu.

Dawa yake ni hesabu. Mpangaji huanza na pembe. Tuseme ua moja lina upana na urefu wa milimita 8, na jalada ni la A5, yaani milimita 148 kwa 210. Pindo likipewa vipimo vya nje vya milimita 120 kwa 160, pembe mbili za kila upande huchukua milimita 16. Hubaki 104 kwa upana na 144 kwa urefu, nazo hutoshea maua 13 na 18 kamili. Lau upana ungekuwa 125, zingebaki 109, na ua la mwisho lisingepata nafasi. Ua huchorwa mara moja, likarudufishwa kwa amri ya kurudia kwa vipimo, kisha yote yakafungwa pamoja katika tabaka lililo juu ya picha. Faida ya tabaka hilo huonekana usiku, jamaa wanapoleta picha nyingine: inabadilishwa picha, pindo halitikisiki. Kwa mistari ya vikato, InDesign yenyewe huweza kurekebisha nafasi ili pembe zilingane. Kwa maua haina msaada huo.

Ipo pia mbinu ya kufifisha ukingo, iliyoingia InDesign katika toleo la 2.0 mwaka 2002, ambapo picha huyeyuka polepole katika weupe wa karatasi. Inapendwa mno, pengine kupita kiasi. Kwenye skrini huvutia. Lakini nakala nyingi hutolewa kwa mashine ya fotokopi, ambayo haihifadhi vizuri rangi za kijivu hafifu. Kilichokuwa ukungu hugeuka madoa, na mara nyingine madoa hayo huangukia sikio au bega la marehemu. Pindo la mistari myeusi iliyokolea, yenye unene wa kutosha, hustahimili fotokopi vizuri zaidi.

Hatimaye kuna makali ya karatasi. Kijitabu kikikunjwa na kukatwa kwa mkono, kosa la milimita 1 au 2 ni la kawaida. Pindo lililo milimita 3 kutoka ukingoni hulifichua kosa hilo papo hapo. Lililo milimita 14, kama katika mfano uliotolewa, hulisitiri.