Kioo kinapomtesa mwanao

Msomaji, je, mwanao hutumia muda mrefu akijitazama kwenye kioo au simu, kisha hunyamaza na kuwa na huzuni? Anakwepa shule kwa sababu ya chunusi ambazo wewe huzioni? Usikimbilie kusema ni majivuno. Huenda ana ugonjwa wa akili unaomfanya aone kasoro kubwa mwilini mwake, wakati wengine hawaioni au wanaona kitu kidogo tu.

Inakadiriwa kuwa watu wawili hivi kati ya 100 wana tatizo hili, na mara nyingi huanza wakati wa balehe. Wengi hulalamikia ngozi, pua au nywele. Baadhi ya wavulana huamini kuwa miili yao ni midogo mno hata wakiwa na misuli.

Mgonjwa hasemi kuwa anaumwa akili. Huenda zahanati kuomba dawa ya uso, au dukani kununua krimu za kujichubua. Haridhiki, hununua nyingine. Krimu zenye zebaki au haidrokwinoni, zilizopigwa marufuku nchini, humwongezea madhara. Zebaki huharibu hata figo.

Kama unaishi Misunkumilo au kwingineko Mpanda, anza na zahanati au kituo cha afya kilicho karibu. Mweleze mhudumu mambo matatu: kwa siku mwanao huwaza kasoro hiyo kwa muda gani (kuanzia saa moja ni dalili ya kuzingatiwa), anafanya nini kuificha, na ameacha nini kwa ajili yake: shule, ibada au marafiki. Kisha mpe nafasi azungumze na mhudumu peke yake. Wengi huona aibu, hawasemi wasipoulizwa. Ikibidi, omba rufaa kwenda Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Katavi.

Tiba ipo. Ni mazungumzo na mtaalamu wa afya ya akili, au dawa zinazotumika pia kutibu sonona. Dawa hizo huweza kuchukua hadi wiki 12 kuonyesha nafuu, hivyo asiziache bila ushauri.

Nyumbani usimcheke, wala usibishane naye kuhusu sura yake. Kumwambia kila mara "mbona wewe mzuri" hakumtulizi kwa muda mrefu. Mwambie, "Naona unateseka, twende tukapate msaada."

Akisema anatamani kufa, usimwache peke yake. Ondoa sumu za shambani na dawa zilizomo ndani, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo. Ugonjwa huu huambatana na hatari kubwa ya kujiua.