Tiba ya CAR-T

Tiba ya CAR-T ni tiba ya saratani ambamo seli T za mgonjwa mwenyewe, ambazo ni aina ya chembe nyeupe za damu, hutolewa mwilini, hubadilishwa jeni, hukuzwa katika maabara na kurudishwa kwake ili zishambulie ugonjwa. Hutumika hasa kwa saratani za seli B, kama aina kadhaa za lukemia na limfoma.

Utengenezaji

Damu hupitishwa katika mashine inayotenga chembe nyeupe na kumrudishia mgonjwa sehemu iliyobaki. Seli T huamshwa, mara nyingi kwa shanga ndogo sana za sumaku zilizopakwa kingamwili, kisha huingiziwa jeni ya kipokezi bandia kinachotambua protini CD19 iliyo juu ya seli B. Jeni hiyo kwa kawaida hubebwa na virusi visivyoweza kuzaliana. Baadhi yake vimeundwa kutokana na VVU, lakini haviwezi kuleta Ukimwi. Seli hukuzwa kwa siku kadhaa hadi zifikie mamilioni mengi, hupimwa usalama, na mara nyingi hugandishwa hadi siku ya kutumika.

Hatari

Seli hizo haziwezi kutofautisha seli B nzima na yenye saratani. Huua zote, hivyo baadhi ya wagonjwa huhitaji kuongezewa kingamwili. Zikiongezeka haraka husababisha mmiminiko wa sitokini, wenye homa kali na kushuka kwa shinikizo la damu. Emily Whitehead, mtoto wa kwanza kupewa tiba hii, huko Philadelphia mwaka 2012, nusura afe kwa hali hiyo. Aliokolewa na tocilizumab, dawa ya baridi yabisi, akapona lukemia.

Gharama na Afrika Mashariki

Kwa kuwa kila dozi ni ya mtu mmoja, bei ni kubwa mno. Kymriah, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2017, ilianza kuuzwa kwa dola 475,000. India, ambako Watanzania wengi huenda kutibiwa, iliidhinisha NexCAR19 mwaka 2023 kwa takriban sehemu ya kumi ya bei hiyo. Hata hivyo familia chache humudu.

Nchini Tanzania, Hospitali ya Taifa Muhimbili ilianza upandikizaji wa uloto mwaka 2021, ikifuatiwa na Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, kwa watoto wenye selimundu. Upandikizaji wa uloto na CAR-T hutumia mashine za aina moja za kutenga seli. Kilicho kigumu zaidi ni maabara safi ya kubadili jeni na kukuza seli.