Floridi Ikizidi: Meno, Mifupa na Ubongo wa Mtoto

Ukiulizwa madhara ya madini kuzidi mwilini mwa mtoto, usiishie kwenye chumvi. Taja floridi. Kidogo huimarisha meno, nyingi hudhuru. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita ya maji ya kunywa, lakini baadhi ya visima na chemchemi za Arusha na Kilimanjaro, kwenye miamba ya volkano, huzidi kiwango hicho. Magadi ya kulainishia maharage au makande nayo huongeza floridi.

Dalili unayoijua ni meno ya kahawia. Madoa hayo huanza meno yakiwa bado yanajengeka ndani ya ufizi, ndiyo maana anayehamia huko akiwa mtu mzima hayapati. Mifupa nayo huweza kupinda.

Kuhusu ubongo, chagua maneno vizuri. Floridi hupita kwenye kondo la nyuma na kumfikia mtoto tumboni. Mwaka 2024, Mpango wa Taifa wa Toksikolojia wa Marekani ulihitimisha kwamba floridi inayozidi miligramu 1.5 kwa lita inahusiana na watoto kupata alama za chini katika vipimo vya akili. Andika "inahusiana", si "imethibitika kusababisha".

Mtego uko kwenye kinga. Wengi huandika "wachemshe maji". Kuchemsha huua vijidudu, lakini floridi haiondoki na mvuke. Maji yakipungua sufuriani, yenyewe huzidi kukolea. Jibu lenye alama: kuchuja kwa mkaa wa mifupa, kuvuna maji ya mvua, kuacha magadi.