Uvira: kwa nini maumivu ya mwili yanauma mpaka rohoni

Mama anakaanga ndagala, mafuta ya moto yanamrukia mkononi. Papo hapo anajua mambo mawili: ni wapi anaungua, na kwamba jambo lenyewe ni baya, linamkera, anataka liishe. Wengi wanafikiri ni kitu kimoja. Kumbe ndani ya ubongo ni kazi mbili.

Habari ya kuungua inapita kwenye mishipa ya fahamu, inapanda uti wa mgongo na kufika kwenye ubongo. Hapo inagawanyika. Sehemu moja inapima: ni wapi, na ni kwa ukali gani. Sehemu zingine za ndani zaidi, zinazoitwa singuleti na insula, zinahusika na ule uchungu wa moyo.

Mwaka 1997, watafiti wa Montréal, Kanada, waliwaweka watu mikono ndani ya maji ya moto. Waliwalaza usingizi wa kuongozwa, kisha kwa maneno tu wakawaongezea karaha ama kuwapunguzia. Joto lilikuwa lile lile. Lakini karaha ilipanda na kushuka, na kazi ya singuleti ikaifuata. Sehemu ya kupima haikubadilika.

Ndiyo sababu woga, huzuni na upweke vinazidisha maumivu. Usiku wa tarehe 16 kuamkia 17 Aprili 2020, mto Mulongwe ulifurika hapa Uvira, ukaua makumi ya watu na kubomoa maelfu ya nyumba. Baada ya msiba kama huo, kidonda kinaweza kupona, lakini mtu akaendelea kusikia mgongo ama kichwa kinamuuma. Akiambiwa "hauna kitu, unajifanya tu", anaumizwa mara ya pili. Maumivu yake ni ya kweli. Kwa kila mtu, ni ubongo unaoyatengeneza, kidonda kiwepo ama kisiwepo.

Kule Bukavu, hospitali ya Panzi, iliyoanzishwa na Daktari Denis Mukwege mwaka 1999, inatibu waliobakwa kwa upasuaji, na pia kwa kuwasikiliza na kuwasaidia kurudi katika maisha.

Maumivu mapya ama makali yapimwe kwanza kwenye kituo cha afya. Lakini jirani anayekuja kuketi na mgonjwa na kumsikiliza, naye anamsaidia: anapunguza ile sehemu ya maumivu ambayo kidonge peke yake hakiifikii vizuri.